Komeo la Tundu la Kasuku

Sogeeni jamvini, wajukuu zangu, na anayetafuna muhogo ameze kwanza, nataka kimya.

Paka Shume na dada yake walimwandalia Kasuku tundu la fito sakafuni nyumbani kwao, komeo likiwa nje, ili wamfungie wamle kwa nafasi.

"Karibu, mgeni wetu! Ingia upumzike," Shume alimbembeleza.

Kasuku alitetemeka mlangoni, mate ya Shume ameyaona. "Ahsante, bwana. Ila kwetu mgeni haingii chumbani mpaka wenyeji watangulie."

"Kaka, tusije tukaonekana hatuna adabu," dada alinong'ona. Wakaingia wote wawili, wakabanana.

Kasuku akaufunga mlango, akalisukuma komeo kwa mdomo.

Paka walirithi tundu. Kasuku alirithi kiti chao cha kamba, na wajukuu zake wakarithi kiti hicho pamoja na hofu yake: hawasinzii kabla ya kulitazama komeo.