Viatu vya Mlangoni

Asubuhi ya kwanza tangu Mwingereza wa mwisho afungashe virago, tarishi Mwinchande alivua viatu mlangoni pa ofisi ya mkuu wa jimbo, akaingia na chai huku macho yakiwa chini, kama alivyofanya kwa miaka ishirini na miwili.

Nyuma ya meza aliketi mkuu mpya, Ngwali, mtoto wa dada yake.

"Mjomba, mbona pekupeku?"

"Viatu viko nje, bwana mkubwa."

Ngwali aliinuka ghafla hata chai ikamwagika. "Usiniite hivyo, mjomba. Nenda kavivae, nakuomba."

Mwinchande alitoka uso ukimwaka. Alikuwa amevaa kiatu kimoja alipoinua kichwa. Watu waliokuja kumwona mkuu walijipanga ukutani, viatu mikononi. Hakuna hata mmoja ambaye Mwinchande hakuwahi kumkemea pale: "Vua! Unadhani hapa kwenu?"

Mwisho wa mstari alisimama dada yake, Mwanaidi, miguu mitupu juu ya saruji baridi, makubadhi kwapani.

"Nimevua, kaka," alisema kwa sauti ya chini. "Sasa naruhusiwa kumwona mwanangu?"

Kiatu cha pili kilibaki mkononi mwa Mwinchande.