Ripoti ya Ajali ya Zaituni

Kwa miaka mitatu Zaituni aliambiwa hakuna karatasi inayoonyesha kwamba aliumia kazini. Asubuhi hiyo Kisanji, karani wa masjala ya kiwanda, alikuwa amemaliza kuingiza nyaraka za zamani zilizoskaniwa katika mfumo wa kumbukumbu za wafanyakazi. Aliandika namba ya kazi ya Zaituni, aliyesimama mbele ya meza yake, na ripoti ya ajali ikatokea kwenye kompyuta.

“Ndiyo hii, mama. Imesainiwa na msimamizi wako wa wakati ule.”

Zaituni aliitazama sahihi kwa muda. Msimamizi yule sasa ndiye meneja, na ofisi yake ilikuwa mlango wa pili.

“Nikuchapie?”

“Nakala mbili, mwanangu.”

Moja aliitia mkobani. Nyingine aliishika wazi kifuani, maandishi yakielekea mbele, akabisha hodi kwa meneja.