Sentensi ya Tatu

Kalamu nyekundu ilitoboa karatasi.

"Umekosea tena!" alifoka mwalimu mstaafu. "'Look for' ni kutafuta. 'Look after' ni kutunza. Mtoto hatafutwi, mama watoto, kwani kapotea?"

Mkewe alikandamiza pasi kwenye kola kama anayeua mdudu.

"Hilo la kutunza ni kwa mtoto tu?"

"Kwa yeyote asiyejiweza! Mtoto, mgonjwa, hata ng'ombe. Andika sentensi tatu, upesi."

Saa kumi mkwe wao angepita na gari. Likizo yake ya uzazi imekwisha, na kijana wao ameomba mzazi mmoja akakae nao miezi mitatu. Chumba cha wageni ni kidogo, kitanda kimoja. Mkwe mwenyewe hajui Kiswahili hata cha kuombea maji.

Nani aende, mzee hakuuliza. Kwa miaka arobaini nyumbani mle, yeye kazi yake ilikuwa kusahihisha.

"Mjukuu ana bahati," alisema, sauti ikipanda. "Mimi je? Chai nitachemshiwa na nani? Soksi zangu zinakaa wapi? Unaniacha hapa kama kiti kibovu!"

"Soksi ziko droo ya pili. Tangu tuoane."

"Usinijibu! Andika."

Akaandika. Mama anamtunza mtoto. Vema. Muuguzi anamtunza mgonjwa. Vema, ila nukta imesahaulika, na mzee akaizungushia duara mara tatu.

"Ya tatu?"

"Ya tatu nitaisema kwa mdomo."

"Uniaibishe mbele ya mkwe! Mke wa mwalimu, Kiingereza cha kuokoteza!"

Mwanamke alikaza meno, akakunja nguo ya mwisho, akavuta zipu ya begi mpaka ikalia.

Honi ikapigwa nje. Mkwe akaingia akitabasamu, mtoto kiunoni. Mzee akajikohoza, akashika kalamu tayari kwa makosa.

Mkewe akasimama wima mbele ya mkwe, akayatoa maneno moja moja, bila kukwama.

"Please," alisema, "look after my husband."

Kisha akamsukumia mzee begi kifuani: mashati yake sita, soksi za droo ya pili, na boksi zima la kalamu nyekundu.