Tunda la Mwisho la Mama

Dada mtu aliingia uani na kopo la udongo, uso umemkunjuka kwa mara ya kwanza tangu wamzike mama yao.

"Haya, lete lile kungumanga. Tulipande leo leo."

Upepo ulikuwa umeung'oa mkungumanga wa mama, likaokolewa tunda moja tu. Alikabidhiwa mdogo mtu, akalitunza kama yai.

Alikimbilia ndani. Kwanza akatoa basibasi, ule utando mwekundu unaoikumbatia mbegu kama vidole. Alikuwa ameubandua mzima, bila kuuchana, kama mama alivyomfundisha.

Kisha akatoa mbegu yenyewe. Alikuwa akiianika kila siku na kuiwahisha ndani kila wingu lilipotanda. Akaitikisa sikioni mwa dada yake, kokwa ikagonga ganda: ko, ko, ko. Ndiyo sauti aliyokuwa akiisubiri mama kabla ya kupeleka mzigo sokoni.

"Sikia, dada! Imekauka vizuri sana."

Dada mtu akaliweka kopo chini, taratibu.

"Kwani mama hakukwambia? Ya kupanda haianikwi, mdogo wangu. Ikishalia hivyo, imekufa."

Mkono wa mdogo mtu ukabaki palepale hewani. Aliogopa kuushusha, mbegu isije ikalia tena.