Mashina Ishirini na Manne ya Celine

Kepher alipitisha wembe kwenye moto wa mshumaa, akausubiri upoe, akakata kipande cha jani kisichozidi ukucha wa kidole gumba. Akakitia kwenye mfuko mdogo wa plastiki wenye wavu ndani, akamimina maji ya dawa hadi kwenye alama, akakisugua kwa mpini wa kisu. Kisha akachovya karatasi ya kupimia na kutazama saa. Dakika kumi.

Mstari mmoja: mmea ni mzima. Miwili: una virusi.

Ilitoka miwili.

Hilo lilikuwa shina la nne siku hiyo. Yote manne yalikuwa karibu na geti, na majani yake yalikuwa na mabaka meusi yaliyofuata mishipa, kama wino ulioingia maji. Kepher alijua kwamba yanaugua. Aliyapima kwanza ili ahakikishe kwamba vifaa vinafanya kazi. Vilifanya.

Yalikuwa mashina ya hosta, mmea wa mapambo wenye majani mapana, na yalikuwa ya mkewe, Celine. Miaka kumi na mmoja nyuma alipewa shina moja na mama mmoja aliyekuwa akihama kutoka nyumba ya meneja wa shamba la chai. Celine aliligawa kwa kisu mwaka baada ya mwaka, hadi yakawa ishirini na manne, safu moja kutoka geti hadi mlango wa jikoni. Watu waliokwenda soko la Kiptere walisimama kuuliza kama ni nduma. Celine aliwajibu kwamba ni nduma ya kuangalia tu.

Alikufa Machi, katika hospitali ya Longisa. Siku mbili kabla, hakuzungumzia mazishi. Alimwambia Kepher, "Baba Seth, usiache safu yangu iishe."

Kepher hakulia. Kazi yake ilikuwa kupima unyevu wa majani katika maabara ya kiwanda cha chai, na alipoona doa la kwanza karibu na geti alifanya alichokijua. Aliagiza sanduku la vifaa: karatasi ishirini na tano, mifuko ishirini na tano. Maelekezo aliyasoma mara mbili. Virusi hivi hukaa ndani ya mmea hata miaka mitatu bila kuonyesha dalili. Huenezwa na kisu. Kila mfuko utumike mara moja tu, maana mabaki ya utomvu hudanganya kipimo. Dawa hakuna, mmea wenye virusi ung'olewe na mizizi yote, uchomwe. Mashina atakayobaki nayo, hata kama ni moja tu, ndiyo yatakayoendeleza safu.

Jumamosi hiyo ya kwanza alitoka kazini saa saba mchana. Muda uliobaki ulitosha mashina manne, kuyapima, kuyang'oa na kuyachoma. Mifuko iliyotumika aliitupa kwenye ndoo ya takataka jikoni, akachukua jembe.

Mama yake, Monicah, alikuwa anakaa naye tangu mazishi. Alipika, alifua, alipanga vitu. Tangu mifuko ya plastiki ipigwe marufuku nchini, hakukubali hata ya mkate ipotee. Kwenye kamba ya nguo, kati ya soksi, zilining'inia plastiki za kila aina, na Kepher aliinama kila alipopita. Siku moja alimwambia kwamba boma limekuwa kama duka la jumla.

"Wewe tupa tu," Monicah alisema. "Mimi najua kila kitu kinarudi wapi."

Jumamosi ya pili Kepher alifungua sanduku, akachukua mifuko minne ya juu, akapima mashina manne yasiyo na doa lolote. Mstari wa pili ulitoka mara nne. Ulikuwa hafifu, lakini maelekezo yalisema kwamba mstari hafifu pia ni mstari. Akang'oa. Jumamosi ya tatu ikawa hivyo. Ya nne na ya tano pia.

Jumamosi ya sita yalibaki manne. Jirani yao, Chelangat, alileta maziwa akamkuta Kepher amesimama mbele ya moto. Alitazama lile shina karibu na mlango wa jikoni, la kwanza kabisa, mama wa yote, lililokuwa pana kama karai.

"Baba Seth, hii kitu iko mzima kukushinda wewe."

"Ina virusi. Nimepima sasa hivi. Haionyeshi tu."

"Basi nipatie mimi. Celine aliniahidi. Kwangu hakuna hosta ingine, itaambukiza nani?"

Kepher alifikiri. Hoja ilikuwa nzuri.

"Nitakuwa nimekupa ugonjwa kwa jina lake," alisema.

Chelangat aliweka maziwa kwenye ngazi, akaondoka bila kuaga.

Monicah alichungulia mlangoni. "Hata hiyo, mwanangu?"

"Hata hii."

Mizizi ilikuwa minene na mieupe. Ilichukua muda mrefu kushika moto. Kepher alingoja hadi mwisho, akaosha jembe, akaosha mikono, akala ugali wake wote.

Jumapili, kabla ya kanisa, aliandika kwenye daftari: ishirini na manne kati ya ishirini na manne. Ilibaki karatasi moja. Alikusudia kumpelekea mwalimu wa kilimo, pamoja na mfuko mmoja uliosalia, kwa hiyo akalishusha sanduku kutoka kabatini.

Alihesabu mifuko mara mbili. Ilikuwa ishirini na tano, na minne ya juu ilinukia sabuni.