Shamba Lisilo na Mwenyewe

Alikuwapo Nungunungu, mkulima wa bangi aliyeificha katikati ya mahindi. Miaka saba, kila alipoulizwa shamba ni la nani, aliruka kimanga.

Mfalme Simba aliporuhusu bangi ilimwe na kuuzwa ng'ambo, Nungunungu bado hakuacha hofu yake ya zamani: alipalilia, akachungulia njia, akapalilia tena.

Asubuhi moja Korongo, mnunuzi kutoka ng'ambo, akatua ghafla nyuma yake. "Hodi! Shamba zuri hili la nani?"

Miiba ikamsimama. "Si langu, bwana! Mimi napita tu!"

"Ni langu," akadakia Fisi, jirani asiyewahi kushika jembe, na Korongo akampa mkataba palepale.

"Jamani, ni langu!" Nungunungu akalia.

"Ndugu yangu," Fisi akasema, "miaka saba umetuapia si lako. Leo tumekuamini."