Kiapo cha Bi Mwanamkuu

Afisa aliisukuma picha mezani. "Mama, huyu unamjua?"

Bi Mwanamkuu hakuhitaji miwani. Alikuwa Saumu, bintiye aliyetoroka miaka sita iliyopita kujiunga na wapiganaji wa itikadi kali ng'ambo. Pichani Saumu alisimama mbele ya hema la kambi ya wafungwa, mtoto mgongoni.

"Ni mwanangu! Mrudisheni. Hata mkimfunga, mfungeni hapa nimpelekee chakula."

Afisa akatoa hati ya kiapo cha kifo. Chini yake palikuwa na alama ya dole gumba la Bi Mwanamkuu mwenyewe. Wakati ule, majirani walipoanza kumpita bila salamu kwa sababu ya bintiye, aliapa kwamba Saumu amekufa huko. Khitma ikasomwa, watu wakala pilau, salamu zikarudi.

"Nchi bado inabishana iwapokee au isiwapokee walio hai kambini," afisa alisema kwa upole. "Mwanao, kwa hati hii, hayumo hata kwenye ubishi huo."

"Nilisema uongo, baba."

"Nani atakushuhudia? Mtaa mzima ulikula khitma yake."

Bi Mwanamkuu akalilowesha dole gumba kwa mate, akaanza kuusugua ule wino mkavu wa alama yake kwenye hati. Afisa akageukia dirishani, akamwacha asugue.